Kwa nini wanawake "hawapatikani" kwenye taarifa ya habari

SWALI: Mimi ni mhariri wa habari katika redio jamii moja ya mwambao wa Tanga. Tuna waandishi sita, wanne wanaume na wawili wanawake. Mfadhili wetu anataka nusu ya sauti kwenye taarifa zetu ziwe za wanawake. Tumejaribu, lakini ukimfuata mwanamke na kinasa sauti anakwambia "kamuulize baba fulani, yeye ndiye anayejua". Wengine wanakubali, kesho yake wanapiga simu wakitaka tusirushe. Na viongozi wengi wa huku ni wanaume. Siwezi kumwacha mkuu wa wilaya nikaenda kutafuta mwanamke ili nitimize hesabu. Tufanyeje? Tukianzisha kipindi cha wanawake Jumamosi, kitatosha?

JIBU: Ndugu yangu, maneno yako nimeyasikia katika vyumba vya habari vingi, na mwenyewe nimewahi kuyasema. Nilikuwa mhariri wa zamu, bosi ameniita kutaka kujua kwa nini taarifa nzima ya saa 2 usiku haikuwa na mwanamke hata mmoja isipokuwa msomaji. "Hawapatikani," nikamjibu, na sikuwa namdanganya. Ndivyo nilivyoamini mpaka siku nilipokwenda Unguja kufuatilia bei ya mwani.

Kijiji chenyewe kiko pwani ya mashariki. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza huko mwishoni mwa miaka ya 1980, na kazi ya kufunga mbegu kwenye kamba, kuvuna, kubeba na kuanika imekuwa mikononi mwa wanawake kwa sehemu kubwa. Gari letu lilifika saa 4 asubuhi. Ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, yamekupwa hadi kule mbali, na wakulima tuliwaona kama vidoa vya rangi vilivyoinama. Barazani walikuwapo wanaume watatu: sheha, mnunuzi wa mwani, na kijana wa bodaboda ambaye shughuli yake na mwani sikuijua hadi leo. Tukawahoji wote watatu. Saa 5 na nusu tukaanza kupakia vyombo, maana mjini walikuwa wanasubiri sauti. Mama mmoja alikuwa ndiyo kwanza anapanda kutoka majini, gunia kichwani, maji yanamchuruzika mgongoni. Akasimama akatutazama. "Mshamaliza?" Nikamwambia tumemaliza.

Jioni habari ikatoka kwamba wakulima wa mwani wanalalamikia bei. Mkulima hata mmoja hakusikika.

Pale hakuna aliyekataa kuongea. Bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji upande ule hutoka asubuhi, na mtoto yeyote wa kijiji angetuambia kwamba saa 4 hutamkuta mkulima barazani. Tungefika saa 7, tungewakuta wote wamekaa chini wanatandaza mwani juani, mikono kazini, midomo huru. Saa ya kufika tulijipangia sisi, kwa kufuata ratiba ya taarifa ya habari, nayo ndiyo iliyotuchagulia wanaume.

Kwa hiyo kabla ya kuwalaumu wanawake wa kwenu, chukua karatasi ya kazi za wiki iliyopita uisome kwa jicho hilo. Mikutano ya hadhara jioni, wakati sufuria ziko jikoni. Semina hotelini, ambako mwenyekiti wa kila kitu huletwa na gari. Kituo cha polisi. Mnada. Baraza la kahawa. Kwa ratiba hiyo, ungetuma hata mwandishi mpenda haki kuliko wote, angerudi na sauti za wanaume.

Sasa hesabu. Najua neno hilo linakukera, lakini sikiliza linavyofanywa na watu wanaolijua. Mwaka 2017 mtangazaji wa BBC anayeitwa Ros Atkins aliamua kipindi chake cha habari kihesabu kila siku ni wanawake wangapi na wanaume wangapi wamesikika. Walianza na asilimia 39 ya wanawake. Ndani ya miezi minne wakafika nusu kwa nusu, na vipindi vingine vikaiga. Walihesabu wenyewe, dakika chache baada ya kipindi, wakiwa bado wanakumbuka nani alialikwa na kwa nini. Na hawakuhesabu kila mtu: waliweka kando wale ambao wao ndio habari yenyewe. Waziri mkuu akihutubia taifa, hukumchagua wewe. Mchambuzi unayemweka baada yake kueleza alichosema, huyo umemchagua.

Hapo ndipo lilipo jibu la mkuu wako wa wilaya. Mwache. Usimfukuze na usimhesabu. Vivyo hivyo usimhesabu Rais. Nimepitia majedwali ya vituo vilivyojipongeza kwa kufika asilimia 40 na zaidi tangu Machi 2021, na ukimwondoa Rais Samia kwenye hesabu, pamoja na Tulia Ackson alipokuwa Spika, kati ya 2022 na 2025, bunge likiwa limekaa, unabaki na idadi ileile ya zamani. Nchi inaweza kuwa na Rais mwanamke na taarifa ya habari isiyo na mwanamke mwingine yeyote.

Ukishawaweka kando hao, angalia kinachobaki. Mkuu wa wilaya ametangaza kwamba zahanati imepata dawa. Sauti ya pili ni ya nani? Kwa kawaida ni mganga mkuu, na ya tatu ni mwenyekiti wa kijiji akishukuru. Zote mbili ni uchaguzi wa mwandishi wako. Muuguzi aliye dirishani anayegawa hizo dawa yupo. Mjumbe wa kamati ya zahanati yupo, na pengine ni mwanamke anayejua ni dawa zipi hazikuja. Hapo habari yenyewe inanenepa: badala ya watu watatu kurudia tangazo moja, una anayetangaza na anayekagua.

Jambo moja kuhusu lugha yetu, ambalo Waingereza wa hesabu hawakuhitaji kuliwaza. Kiswahili hakina "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume. "Mtaalamu amesema", "mkulima ameiomba serikali", "mwenyekiti amekanusha": msikilizaji hajui ni nani mpaka umtaje jina au usikike mwenyewe. Ni sifa nzuri ya lugha, lakini kwenye taarifa ya habari humeza watu. Mwandishi akimhoji mwanamke kisha akaandika "mmoja wa wakulima amesema", masikioni mwa wengi mkulima huyo ana ndevu. Na wanawake husemwa bila majina mara nyingi kuliko wanaume. Pitia mafaili yako uone. Basi sheria ya chumbani iwe hii: aliyerekodiwa anatajwa jina lake kamili na kazi yake, ila kama ametuomba kumficha na tunajua sababu. Si "mama mmoja muuza samaki". Na ukianza na "Profesa" kwa mwanamume, usimalizie na "Mama" kwa profesa mwenzake. "Mama" ni heshima kubwa nyumbani na mtaani, lakini kwenye habari ya uchumi humvua mtu shahada zake.

Tuje kwa huyu anayesema "kamuulize baba fulani". Nimelisikia jibu hilo mara nyingi, na mara nyingi swali ndilo limelizaa. Mwandishi amefika na maikrofoni mbele ya watu kumi na kuuliza: "Mama, nini maoni yako kuhusu mpango wa serikali wa kuboresha miundombinu ya masoko?" Swali kama hilo mimi mwenyewe ningelikimbia. Mwanamume wa barazani hulijibu kwa sababu amezoea kusikilizwa hata akiwa hana la kusema. Mwanamke hujipima kwanza: nalijua jambo hili sawasawa? Nikikosea nitachekwa na nani?

Muulize jambo analolishika. "Meza hii unaitozwa shilingi ngapi kwa siku? Stakabadhi unapewa? Mvua ikinyesha samaki unawapeleka wapi?" Akishajibu matatu hayo, sauti imemtoka na mabega yameshuka, usifunge kinasa. Waandishi wengi hukosea hapa. Wanachukua machungu yake, wanakwenda kwa mwanamume kuchukua ufafanuzi. Mradi wa kimataifa wa kufuatilia habari, ule unaochunguza vyombo vya habari kwa siku moja kila miaka mitano tangu 1995, umeonyesha tabia hiyo dunia nzima: wanawake huwekwa kusimulia yaliyowapata, wanaume huwekwa kueleza maana yake. Kwa hiyo uliza la nne na la tano: "Hizo fedha za ushuru ungeambiwa uzipange wewe, ungeanza na nini? Nani hajafanya kazi yake hapa?" Mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA, aliyetunza fedha za wenzake thelathini miaka sita bila kupotea shilingi anayo ya kusema kuhusu bajeti ya halmashauri.

Msogeze pembeni pia, ikiwa watu wamemzunguka. Hatua ishirini tu. Na mtume mmoja wa wale waandishi wako wawili wanawake, lakini si kila mara, nitakuja kwa hilo.

Wataalamu ni kundi jingine na kukataa kwao ni kwa namna nyingine. Unampigia daktari mwanamume saa 11 jioni: "Dokta, tunahitaji mtu azungumzie kipindupindu saa 12." Anakubali, hata kama yeye ni daktari wa mifupa. Unampigia daktari mwanamke, anakuuliza: mmepanga kuuliza nini? Nani mwingine yupo? Naweza kupata nusu saa nisome takwimu? Wewe unaona anasumbua, unakata, unarudi kwa yule wa mifupa. Ndugu yangu, huyu anayeuliza maswali ndiye mtaalamu. Mpigie asubuhi. Mtumie mambo matatu utakayouliza kwa ujumbe wa simu. Kama ni mtumishi wa umma, atahitaji kibali cha mkuu wake, na kibali hakitoki kwa saa moja. Umwombee mapema, kwa barua ikibidi. Wanaume nao wanahitaji kibali, ila wengi wao ndio wakuu wenyewe.

Daftari la namba, basi. Kila chumba cha habari kina namba zake za mwokozi, ishirini hivi, zinazopigwa siku zote kwa sababu wanapokea. Za kwenu andika ukutani uhesabu ni za wanaume ngapi. Kisha kila mwandishi alete namba mbili mpya za wanawake kwa mwezi, na zisiwe za ustawi wa jamii tu: afisa ugani, mhandisi wa maji, wakili, mwalimu wa fizikia, nahodha kama yupo, diwani wa viti maalumu na wa kata. Awapigie kabla hajawahitaji, awasalimie, awaulize ni saa ngapi wanapatikana. Mtu ambaye mara ya kwanza kusikia sauti yako ni siku ya dharura ana haki ya kukuogopa.

Kuhusu wanaopiga simu kesho yake wakitaka msirushe: uliza kilichotokea usiku ule. Mara nyingine ni mume, mara nyingine mwajiri. Siku hizi, zaidi ya yote, ni mtandao. Mliiweka picha yake kwenye ukurasa wenu wa Facebook, na kufika saa 4 usiku kulikuwa na matusi mia chini yake, kuhusu mwili wake na ndoa yake, wala si kuhusu bei ya samaki. Aliongea na redio, hakujua kwamba ameongea na Facebook. Mwambieni kabla ya kurekodi sauti itakwenda wapi na wapi, na picha ipigwe kwa ruhusa yake. Na mtu mmoja kituoni apewe kazi ya kufuta matusi, jioni ileile, si Jumatatu. Ukurasa ni wenu, kama ambavyo studio ni yenu. Hamngemwachia mtu aingie studio amtukane mgeni wenu mkanyamaza. Mwananchi wa kawaida akiomba aondolewe na sababu ni ya usalama wake, mwondoe bila kubishana. Kiongozi aliyejutia kauli yake, huyo hapana, awe mwanamke au mwanamume.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu kuna habari ambazo wanawake hawakosekani kabisa. Ni za kuuawa na kubakwa. Hapo wamo, tena kwenye kichwa cha habari, na namna walivyomo inanifanya nitamani wasingekuwamo. "Auawa kwa wivu wa mapenzi." Maneno hayo nimeyahariri mwenyewe nikayapitisha, sijui mara ngapi. Yatazame polepole. Kitenzi kiko katika kutendwa, kwa hiyo muuaji hayupo. Mahali pake pamewekwa wivu, kana kwamba wivu ulishika panga wenyewe. Na huo wivu nao ni wa "mapenzi". Marehemu akitoka hapo, msikilizaji keshaanza kujiuliza alikuwa na nani. Chanzo cha maneno yote ni taarifa ya kamanda wa polisi, naye ameyapata kwa mtuhumiwa, kwa kuwa mwenye upande wa pili hawezi tena kusema. Tumegeuza utetezi wa mtuhumiwa kuwa lugha yetu ya kila siku.

Andika: "Mwanamume ashikiliwa kwa tuhuma za kumuua mkewe." Ni maneno saba, yana mtuhumiwa, yana kosa, na hayamhukumu mtu kabla ya mahakama. Kama polisi wamesema chanzo ni wivu, liseme ndani na uliweke mdomoni mwa polisi. Kisha tafuta ndugu, jirani au mwenzake wa kazini akwambie marehemu alikuwa nani. Akiwa ni mtoto aliyefanyiwa ukatili, jina lake na chochote cha kumtambulisha havitoki. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda, na kwenye kijiji chenu hata kutaja shule na jina la baba ni kumtaja.

Na hili si geni kwetu. Siti binti Saad, aliyetangulia wanawake wenzake wa mwambao huu kurekodi sahani za santuri, Bombay mwaka 1928, aliimba kuhusu mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Muuaji alitorokea bara, na walioishia kuadhibiwa ni wanawake waliokuwa mashahidi. Wimbo unajulikana kwa jina la muuaji: Kijiti. Karibu miaka mia iliyopita, mwanamke asiye na chumba cha habari alijua kwamba jina la kuweka juu ni la nani. Waandishi wanawake walipounda chama chao, TAMWA, mwaka 1987 na kuanza jarida lao, waliliita Sauti ya Siti, na mimi naona hawakukosea.

Sasa wale wawili wako. Wanaandika nini? Kama ni afya, watoto na harusi za viongozi, na wale wanne wamegawana bunge, ardhi, bandari na uhalifu, basi umeshapanga nani asikike kabla siku haijaanza. Ule ufuatiliaji wa kimataifa umeona kwamba habari zilizoandikwa na wanawake huelekea kuwa na wanawake wengi zaidi ndani yake, na ndiyo maana wahariri wavivu huwabebesha waandishi wanawake mzigo wote wa "jinsia". Usifanye hivyo. Mpe mmoja halmashauri, na yule kijana wako wa michezo mtume kliniki ya wajawazito. Atashangaa habari zilivyo nyingi pale. Ukimpa mwanamke zamu ya usiku, mpangie usafiri wa kumfikisha mlangoni. Na kama kuna mtu kituoni kwenu anayegawa safari, zamu au ajira kwa kutaka mwili wa mtu, hilo lina jina kisheria, rushwa ya ngono, nalo limo kwenye sheria ya kuzuia rushwa ya 2007. Nimeona waandishi wazuri wakiacha kazi kimya kwa sababu hiyo, kisha bosi akasema kikaoni kwamba wanawake hawadumu kwenye uandishi.

Mfadhili wako mwambie ukweli. Mkutano wa dunia wa wanawake wa Beijing wa 1995, ambao katibu mkuu wake alikuwa Gertrude Mongella wetu wa Ukerewe, uliweka suala la wanawake na vyombo vya habari kwenye mpango wake. Mwaka huohuo ule ufuatiliaji ulikuta wanawake ni asilimia 17 ya watu wanaoonekana na kusikika kwenye habari. Mwaka 2020, kwenye nchi 116, ilikuwa 25. Robo karne, alama nane. Kwa hiyo ukitoka kumi na kitu ukafika thelathini kwa mwaka, umefanya kazi kubwa, na umwonyeshe jedwali lenye kasoro zake zote. Ubaya wa kulazimisha nusu kwa mwezi mmoja ni kwamba mwandishi atakwenda sokoni, atawawekea maikrofoni akina mama kumi na wawili wanaosema "hali ngumu", na hesabu itatimia huku hakuna hata mmoja aliyeulizwa jambo.

Na kipindi cha Jumamosi? Kianzishe kama una saa ya hewani na mtu wa kukiongoza vizuri. Nimeona vipindi vya namna hiyo vikiwafungua wanawake waliokuwa hawajawahi kusikia sauti zao redioni. Lakini kisiwe ndilo banda lao la wiki nzima. Mtangazaji wa kipindi hicho mpe kiti kwenye kikao cha asubuhi cha habari, Jumatatu hadi Ijumaa, na daftari lake la namba lilale mezani pamoja na yale mengine. Atakuja na mama wa ushirika wa mwani aliyemhoji kuhusu malezi, na mwandishi wa habari ya bei ya mwani atakuwa anamtafuta mnunuzi kwa simu ya tatu.